Mwaka Nilioitwa Silvesta

Vestina alinipigia simu Jumapili, nimetoka misa ya pili, nimekaa barazani hapa Biharamulo navua viatu. Hakuwa na salamu ndefu. "Kaka, mama ametutoka," akasema, nami nikabaki na kiatu kimoja mguuni. Mke wangu akatoka jikoni kuniuliza kuna nini. Nikamwambia mama yangu amefariki. Akanikodolea macho, maana mama yangu tulimzika kijijini kwetu Kaniha na yeye akiwapo, na kaburi lake tunalipalilia kila mwaka. "Mama yupi tena?" akauliza. "Yule wa ng'ambo," nikasema. Mke wangu anajua kwamba kuna mwanamke ng'ambo ya mto anayeniletea salamu kila Krismasi, na anajua kwamba ujanani niliwahi kukaa kambini Ngara. Nilikaaje huko, na kwa jina gani, sijamwambia miaka yote ya ndoa yetu. Ni aibu, na mimi ni mtu wa kuficha aibu kwa ukali. Akiniuliza, naanza kugombana na redio. Sasa Mama Spesioza amekufa, na sioni tena ninamficha nani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kidato cha nne ambacho nusu ya Kaniha walikuwa wamekishika kwa mikono yao. Kazi hakuna. Lakini kila aliyerudi kutoka Ngara alisema kule kazi zinawangoja watu. Wakimbizi walikuwa wamevuka mto kwa wingi ambao hakuna mzee wetu aliyewahi kuuona, mashirika ya misaada yakawafuata, na juu ya vilima vilivyokuwa malisho ukaota mji. Vijana ninaowasimulia leo hucheka nikiita kambi mji. Wacheke. Ulikuwa na soko lenye mitaa yake, vinyozi, mafundi saa, mabucha, mabanda ya video, baa zenye friji, na teksi za kutoka bloku hadi bloku. Watu walisema ukiacha Dar es Salaam hakuna mji Tanzania unaoushinda kwa watu. Sisi wa Biharamulo tuliuendea jinsi wengine wanavyoiendea Dar, viatu vimepigwa kiwi na mfuko mwembamba. Baba aliuza gunia la maharage ya mbegu nipate nauli ya kwenda na kurudi, na matumizi ya wiki mbili. Maharage ya mbegu, si ya kula. Mtu wa shamba ataelewa nilikuwa nimebeba nini.

Basi letu lilingoja Lusahunga hadi askari wa kusindikiza walipopatikana, maana kule porini majambazi walikuwa wanateka magari, na tukaingia Ngara na vumbi hadi kwenye kope. Nilidhani nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa kwa bei. Madereva wa mashirika walilipwa mishahara ambayo mkuu wa shule yangu hakuiota, na wenye vyumba, wenye migahawa, wauza ndizi, hata wauza maji, wote walipanga bei wakiwatazama madereva. Kwa bei ya chai ya rangi na andazi moja pale, Biharamulo ungekunywa wewe na rafiki zako wawili mkashiba. Chumba sikuweza hata kukiuliza mara ya pili. Nilipata nusu ya kitanda katika gesti ya mabati karibu na soko, na nusu si kwa maana ya upande. Mlinzi mmoja wa ghala alikilalia kutwa, mimi nikakipokea jioni kikiwa bado na joto lake, tunapishana mlangoni naye ananiambia, "Nimekuwekea shuka vizuri, kaka." Sijawahi kumwona mtu yule amekaa. Kila nikimkumbuka amesimama mlangoni na tochi yake.

Shirika moja lilikuwa linatafuta makarani wanaojua Kiingereza, Kiswahili na lugha ya wakimbizi. Mimi ni Msubi. Lugha yetu na yao ni ndugu wa tumbo moja, tunasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo nilijiona nimeshapata. Walitaka barua ya maombi, barua ya mtendaji wa kata na kopi ya cheti. Sasa, kutoa kopi moja kwenye kibanda cha jenereta kulikuwa na bei ya sahani ya wali na maharage. Nilisimama kati ya kibanda na mgahawa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikala wali. Nikaambatanisha cheti halisi, nikijiambia nitarudishiwa siku ya kuitwa. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka nimewaambia msitoe cheti halisi, nao hudhani ni ukali wa uzee tu.

"Njoo Jumatatu," wakasema. Jumatatu wakasema tazama ubaoni. Nilitazama ubao ule mpaka nikazijua pini zake. Wiki mbili zikaisha, nikahama chai nikaenda kwenye uji, nikahama uji nikaenda kwenye muhogo mbichi. Nauli ya kurudi nilikuwa nimeishona kwenye upindo wa suruali. Siku nilipoifumua nilijua ninachofanya. Nilijua kila ninachokula sasa ni kilomita za barabara ya kwetu, hii ni Nyakahura, hii ni Lusahunga. Kuandika nyumbani niombe nauli nyingine nisingeweza. Ningemwambia baba auze nini tena? Nilimpa dereva wa basi barua fupi ya nyumbani: niko salama, nangoja kazi, karibu naanza.

Mama Spesioza alikuwa na mgahawa ndani ya kambi, turubai la plastiki juu ya miti minne, benchi mbili, na sufuria moja kubwa ya alumini aliyovuka nayo mto. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia. Binti yake Vestina, wa miaka kumi na saba, ndiye aliyegawa sahani. Walipika ugali wa mahindi ya njano ya msaada na maharage yaliyokataa kuiva hata uyachemshe kutwa. Kwake ungeweza kununua nusu sahani bila kuonekana mnyonge, na mimi nikawa mtu wa nusu sahani. Siku moja Vestina aliniletea sahani nzima, nikamwambia amekosea. Mama yake akajibu kutoka jikoni, "Hajakosea. Kula, kisha uje huku nikuulize jambo."

Nilikula, nikaenda. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, hakunitazama. "Kesho kutwa wanatuhesabu upya," akasema. "Kadi yangu ina watu watatu. Mimi, Vestina, na mwanangu Silvesta. Anayeitwa asiwepo, wanamfuta."

"Na Silvesta yuko wapi, mama?"

"Tulipotezana njiani, tunakimbia. Tuliandikisha jina lake tukijua atatufuata." Akasukuma kuni. "Umri wenu ni mmoja. Simama siku hiyo badala yake. Chakula chake kula wewe, na pa kulala pako hapa, hulipi kitu. Mimi nataka jina tu libaki. Wakilifuta watakuwa wamemzika."

Nilimwambia ni hatari, kwamba wazawa wanaokamatwa na kadi wanapelekwa mahabusu. Akasema anajua. Nikasema nitafikiri. Haki ya Mungu, sikufikiri kitu. Nilikuwa nimelipia kitanda hadi siku hiyo tu, na ladha ya yale maharage ilikuwa bado mdomoni. Siku ya hesabu walitukalisha chini kwa mistari ndani ya uzio tangu asubuhi, jua kichwani, kila kaya peke yake. Karani Mtanzania, kijana wa rika langu mwenye kofia nyekundu, alifika mbele yetu na daftari. "Silvesta?" akaita. Nikasema, "Niko hapa." Sauti ilitoka bila kukwama hata kidogo. Akanipaka wino kidoleni, akaweka alama, akapita. Mama Spesioza alikuwa ananitazama kwa macho yaliyojaa machozi, na mimi, mjinga, nilidhani anafurahia mahindi.

Nikahamia kwao. Hema lao lilikuwa plastiki ya bluu juu ya fito, refu kiasi cha mtu kulala na kujigeuza, na pazia la kanga katikati, wao upande mmoja, mimi wa pili. Mchana plastiki ilipika hewa hadi kichwa kikauma. Mvua ikinyesha tulikuwa hatusikilizani. Na jirani zetu walikuwa mwendo wa mkono, ukuta wao plastiki, ukuta wetu plastiki. Nilijua mume wa jirani anakoroma kwa pua ipi. Niliwasikia kila asubuhi wakibishana, mke anataka kurudi kwao, mume anasema wakirudi watauawa, mke anasema hapa pia wanakufa ila polepole. Na wao walitusikia. Walijua mimi si Silvesta, hata mtoto wao wa miaka mitano alijua. Lakini hakuna aliyesema, kwa kuwa kila hema lilikuwa na lake.

Wanawake wa bloku walikuja mara mbili kumsihi Mama Spesioza. Mimi nikiwa upande wangu wa pazia, niliwasikia. "Spesioza, miaka inapita," alisema mkubwa wao. "Mtoto hakuja. Kaa matanga umlilie, kisha uinuke uendelee." Akawajibu, "Nimlilie mtu ambaye sijaona maiti yake? Mnataka nimuue kwa mdomo wangu?" Wakaondoka bila kubisha, na mimi nilielewa kwa nini hawakubisha. Kwao, kama kwetu Wasubi na kwa Wahangaza wa Ngara, kilio cha msiba hakichezewi. Kina sauti yake, mama huitoa mikono ikiwa kichwani, na mwenye mtoto hai hathubutu kuitoa, hata kwa utani, hata kwa kutishwa. Kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Watoto tulipokuwa tukiigiza misiba michezoni, tulichapwa kuliko tulipoiba.

Wiki ya saba hivi ya kukaa kwangu kule, jina langu likatoka ubaoni. Deogratias, lile la ubatizo, likafuatiwa na la baba, limepigwa taipu vizuri. Nilisimama nikalisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Nifike saa nne, nije na kalamu. Nilikimbia. Getini walinipitisha, nikaonyeshwa meza chini ya hema jeupe, na kwenye meza, faili langu mbele yake, cheti changu juu ya faili, alikuwa amekaa yule karani wa kofia nyekundu. Alinitazama akaanza kutabasamu, jinsi unavyomtabasamia mtu unayemjua sura. "Wewe si Silvesta, wa Mama Spesioza?" akasema. "Mna mgahawa kule ndani. Umefuata nini huku?"

Nimeurudia wakati ule mara nyingi nikiwa nimelala macho wazi. Ningeweza kusema ukweli. Wangenipeleka kituoni, wangemnyang'anya mama yule kadi, lakini ningekuwa Deogratias. Cheti kilikuwa karibu kiasi kwamba niliona alama ya kidole cha mama mzazi aliyoiacha kwenye kona, ya mafuta, siku alipokishika. Nikasema, "Ndiyo, ni mimi. Nimekuja kumwulizia rafiki yangu, huyo Deogratias. Anaumwa, hawezi kuja." Karani akasikitika kweli. "Mwambie nafasi haimngoji," akasema, akaliweka faili kando, chini ya mengine. Nikashukuru. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya choo cha soko nikalia hadi kwikwi zikaniuma mbavu.

Baada ya hapo nilijaribu kwenda nyumbani kwa miguu. Nilifika kizuizi cha kwanza. Askari akataka kitambulisho, na barua ya mtendaji ilikuwa ndani ya faili pamoja na cheti, mfukoni nina kitana tu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Kaniha. Akanishika mkono, akautazama ule wino ambao ulikuwa bado haujaisha kwenye ukucha. "Rudi kambini, ndugu yangu," akasema, wala hakunipiga. Afadhali angenipiga. Ningepita porini labda, lakini porini kulikuwa na wenye bunduki wasiouliza vitambulisho. Nikarudi. Mama Spesioza aliniona natokea kwenye njia, akanawa mikono, akanipakulia, akasema, "Ulikwenda wapi, Silvesta? Chakula kimepoa."

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Mwanzoni aliniita jina lile tukiwa mbele za watu tu, kwa usalama. Sasa aliniita hivyo hata tukiwa watatu. Nikitaja Kaniha, alitafuta kazi ya kunipa. Alinishonea shati kwa kipimo cha mtu mwingine, mabega yakanibana, akasema nimenenepa. Alianza kunisimulia utoto wangu. "Ulikuwa hupendi boga," ananiambia. "Ulianguka kwenye mti wa parachichi, kovu liko wapi?" Na mimi, kwa njaa, kwa huruma, kwa uvivu wa roho, sijui, nilianza kuacha boga kwenye sahani. Vestina alinitazama nikilisogeza pembeni. Siku moja, mama yake akiwa kwenye mgao wa mafuta, alinifuata kisimani. "Kaka, mama anapona," akasema. "Usiku halii tena. Lakini wewe unakwisha." Nikamwuliza nifanye nini. Akasema hajui, akabeba ndoo yake.

Mambo mengi ya mwaka ule yamenitoka, lakini siku zake zimebaki, zote za aina moja: foleni ya mahindi, foleni ya maji, kuni zinazotafutwa mbali zaidi kila mwezi, jioni plastiki inageuka rangi ya majivu na majirani wanaanza ubishi wao. Nilikuwa mwendo wa siku tatu kutoka nyumbani, ndani ya wilaya ya jirani, ndani ya nchi yangu mwenyewe, na sikuwa na njia. Mjini kote pale kulikuwa na nyama choma na muziki, madereva wanacheka, na mimi nilipita katikati yao na bakuli la mahindi ya njano ya mtu mwingine. Nimesikia watu wakisema walipotea mjini. Mimi sikupotea. Kila mtu alijua nilipo, na nimeandikwa.

Desemba amri ikatoka kwamba wakimbizi wa nchi ile warudi kwao wote. Wengine walikimbilia porini upande wa mashariki, wakageuzwa na askari. Asubuhi yetu ilipofika, bloku nzima ilikuwa inang'oa fito. Mama Spesioza alikunja plastiki kwa utaratibu, kona kwa kona, akaifunga kwa kamba ya mgomba. Nikamwambia, "Mama, mimi leo nitasema ukweli. Nikivuka daraja la mpakani sitarudi tena. Mimi nina baba, yuko Kaniha." Akavuta fundo. "Ukivuka na sisi, hakuna atakayegusa shamba la baba yako kule ng'ambo," akasema. "Mimi na Vestina, wanawake wawili, tukifika peke yetu tutakuta watu wamelima hadi mlangoni. Watatuuliza, mwanamume wenu yuko wapi? Nitawaonyesha nani?" Alikuwa anasema kweli tupu. Kisha akasimama, akaniwekea ile sufuria kubwa kichwani, imejaa vikombe na unga, akaisawazisha kwa mikono miwili. "Twende, Silvesta."

Barabara ya Rusumo haikuonekana kwa watu. Tulitembea hatua fupi fupi, nyuma ya mgongo wa mtu, mbele ya pumzi ya mtu. Mahali fulani kabla ya kona, waliweka meza. Karani mwenye daftari anafuta kaya, na pembeni yake askari polisi wa makamo, mwenye mvi kidogo, anaharakisha watu. Tulipokuwa tunangoja nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba kwao Bugarama mvua imeharibu kahawa, na nikapata tumaini kwamba huyu ni Mhangaza, ni mtu wa huku, atanisikia.

"Shikamoo afande," nikasema.

"Marahaba. Pita."

"Afande, mimi si mkimbizi. Ni Mtanzania, mtu wa Kaniha, Biharamulo."

Hakuinua hata macho. "Leo kila mtu ni wa Kaniha. Jana wote walikuwa wa Karagwe. Kadi inasemaje?"

"Kadi inasema Silvesta, lakini mimi ni Deogratias." Nikamtajia mtendaji wetu, padri wetu, mwalimu wangu wa darasa la kwanza, nikawa nasema haraka haraka na sufuria inatikisika kichwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya. "Kijana," akasema, "mmekaa hapa miaka. Hayo hata mimi ningeyakariri." Kisha akamgeukia Mama Spesioza. "Mama, sema wewe. Huyu ni mwanao au si mwanao?"

Watu nyuma yetu walikuwa wanasukuma. Mama Spesioza alinitazama, na nakwambia sikuona huruma usoni mwake, niliona mtu anayepiga hesabu ya maisha yake yote. Neno moja, ndiyo, na ana mwanamume wa kusimama mlangoni, na jina linaingia nyumbani kwa miguu yake. Niliona mdomo wake unaanza. Nilijua sitamlaumu. Nilikuwa nimeshaishika sufuria nipite.

"Si mwanangu," akasema.

"Basi Silvesta wa kwenye kadi yuko wapi?"

"Silvesta amekufa."

Afande akacheka kwa kuchoka. "Amekufa lini? Si mmekula chakula chake mwaka mzima? Mama, kila mtu ana hadithi. Piteni wote watatu."

Hakubishana naye. Aliketi chini, pale pale barabarani, katikati ya miguu ya watu. Akavua kitambaa cha kichwa, akaweka mikono yote miwili juu ya nywele, na akakitoa kile kilio. Sikuwahi kukisikia kwa karibu namna ile. Kilianzia chini, kikapanda na jina la Silvesta ndani yake, na jina la baba yake, na kijiji chake. Vestina akapiga kelele moja, "Mama, hapana," kisha akaanguka ubavuni mwake akalia naye. Wale wanawake wa bloku walikuwa nyuma yetu kidogo. Wakatua mizigo. Wakaja wakamzunguka, wakapokea kilio, na wanaume waliokuwa karibu wakavua kofia, na mstari ule wote, uliokuwa haujasimama tangu alfajiri, ukasimama.

Yule afande alikuwa mtu wa Bugarama. Hakuhitaji kuelezwa. Niliona uso wake unabadilika, akavua kofia akaishika kifuani, akangoja hadi kilio kikapungua kidogo. "Mfute," akamwambia karani kwa sauti ya chini. Karani akapiga mstari. Nami akanishika mkono, si kwa nguvu, akanitoa barabarani hadi kwenye majani. "Pole," akaniambia, akidhani labda nami nimefiwa. "Simama hapa. Gari la Biharamulo likipita nitakupakia."

Wakamwinua. Nafasi ya kukaa matanga hawakupewa, ilibidi msiba ule utembee. Nilikuwa nimesimama kwenye majani nanyosha shingo, niko huru, natazama migongo yao inavyoondoka, ndipo niliposikia vikombe vinagongana juu ya kichwa changu. Sufuria ilikuwa bado kwangu. Nikakimbia nikipenya watu, nikamfikia, nikamshika kiwiko. Vestina akaipokea, akajitwisha. Mama Spesioza akakatiza kilio. Akanitazama usoni kama mtu anayetazama mgeni aliyebisha hodi, na nilitaka kumwomba msamaha kwa chakula, kwa boga, kwa shati nililokuwa bado nimelivaa, yeye akanitangulia.

"Nisamehe, kijana," akasema. "Kwenu wanakuitaje?"

"Deogratias, mama."

Akalitamka mara moja, polepole. "Haya, Deogratias. Nenda, baba yako anakungoja." Kisha akageuka kwenye mstari, akarudisha mikono kichwani, na kilio akakianzia pale alipokiachia.